Samaki wa Wifi na Jenereta ya Akiba

Friza ya wifi yangu haikupita mlangoni mpaka fremu ilipong'olewa. Baba Watoto ndiye aliyeing'oa, kwa nyundo na kwa furaha, huku akiwatangazia majirani waliokuja kutazama kwamba nyumba hii ina umeme wa kufungulia kiwanda cha barafu. Hakuna aliyembishia. Lodwar, mtu akijisifu saa saba mchana, watu hudhani ni jua.

Mpango ulikuwa wa wifi mwenyewe, na kwa kuusikiliza ulikuwa mtamu. Angenunua mbuta na tilapia Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kilomita 60 hivi kutoka mjini. Angewalaza kwenye friza kwetu wagande. Kisha angewapandisha hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma ndani ya sanduku la barafu, akawauzie Wakongo, Warundi na watu wa Sudan Kusini ambao samaki kwao ni chakula, si anasa. Mwaka 2018 shirika la IFC lilikadiria kwamba soko la Kakuma lina thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka na maduka zaidi ya 2,000. Wifi hakuwa amesoma ripoti yoyote. Alikuwa na namba za simu za wanunuzi, na hizo zilimtosha.

"Wifi, wewe nipe kona tu," aliniambia. "Stima ni ya kaka yangu na jua ni la Mungu."

Akapewa kona, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa ya kitanda cha binti yetu.

Nyanya, mama yake Baba Watoto, aliizunguka ile friza akiwa na mkongojo wake, akagonga kifuniko, akacheka. Alikwisha kuona kubwa kuliko hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanorwe walijenga kiwanda cha kugandisha samaki palepale Kalokol, jengo la kifahari kabisa, ili Waturkana waache kufuata mbuzi wawe wavuvi wa kuuza nje. Kugandisha samaki katika joto la kule kulikula nishati na maji safi kuliko samaki wenyewe walivyoweza kulipia. Mitambo ilifanya kazi kwa muda mfupi ikanyamaza, halafu maji ya Ghuba ya Ferguson nayo yakakauka. Jengo likabaki, likawa ghala la samaki waliokaushwa kwa jua, kama walivyokuwa wakikaushwa kabla ya Wanorwe kufika. "Na wale walikuwa na serikali nyuma yao," Nyanya akasema. "Nyinyi mna nini?"

"Tuna sola, Mama," akajibu Baba Watoto. "Na jenereta ya akiba."

Nyumba yetu iko upande ambao nguzo za stima hazijafika, na hapo lazima niseme neno kidogo, maana jambo hili hunikera. Mto Turkwel unapita mjini mwetu. Huko juu yake kuna bwawa ambalo tangu 1991 lina mitambo ya megawati 106, na umeme wake ulipandishwa milimani hadi Lessos. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na laini ya zaidi ya kilomita 400 inaupeleka umeme huo Suswa. Sisi tumekaa katikati ya maji na upepo, na mji wa Lodwar kwa miaka mingi ukategemea injini za dizeli. Ndiyo sababu mtu wa hapa akipandisha paneli juu ya paa lake hujiona amelipiza kisasi.

Hesabu ya Baba Watoto ilikuwa fupi. Kericho kuna mawingu, Lodwar kuna jua. Basi paneli moja ya Lodwar ifanye kazi ya mbili za Kericho. Na kwa kuwa Lodwar jua huja na joto lake, joto likizidi stima nayo izidi. Sehemu ya kwanza ya hesabu hiyo ina ukweli kiasi, ingawa si hadi mara mbili. Ya pili iliharibiwa na binti yetu wa kidato cha tatu, ambaye tangu aporwe kona yake hakuwa na huruma na mtu.

"Baba, paneli inakula mwanga. Joto linaiumiza."

Akapanda ngazi akamsomea kibandiko cha nyuma. Wati 300 zilizoandikwa pale zilipimwa paneli ikiwa na nyuzi 25. Mchana wa Lodwar hewa yenyewe ni nyuzi 36 au 37, na paneli iliyolazwa juu ya mabati hufika 65 bila taabu. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Tulikuwa na paneli 4, yaani wati 1,200 kwa karatasi. Binti akapiga hesabu kwa sauti pale juu ya ngazi: nyuzi 40 za ziada, asilimia 16, wati 190 na ushee zimepotea hewani saa zile zile ambazo jua linawaka vizuri zaidi. Friza ya wifi, injini yake ikizunguka, ilihitaji kama hizo hizo.

Na ilizunguka kwelikweli. Friza inayokaa kwenye baridi ya Limuru hupumzika sehemu kubwa ya siku. Ya kwetu, ikiwa imebanwa kati ya kitanda na ukuta unaochomwa na jua la jioni, ilinguruma tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Betri zikawa zinamalizika kabla ya jogoo, inveta ikawa inalia ukutani, na binti akawa anaamka kuizima ili alale. Samaki wakalainika, wakaganda tena, wakalainika.

Betri zenyewe zilikuwa na kesi yake. Zilikuwa za asidi, zile nzito, zimewekwa kwenye korido chini ya mabati. Kanuni ya mafundi inasema betri ya namna hiyo hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na korido yetu mchana haikukaribia 25 hata kwa bahati mbaya. Tena chaja ikiendelea kusukuma volti za nchi ya baridi katika joto la Turkana, maji ya betri huchemka na kukauka. Ilipasa ipunguziwe volti kidogo kwa kila nyuzi inayopanda. Tukatafuta mahali penye ubaridi katika boma zima. Palikuwa mahali pamoja tu: akai ya Nyanya, kibanda chake cha makuti ya mkoma, ambacho upepo hukipita pande zote na mvuke wa betri haubaki ndani.

Nyanya alikubali kwa masharti. Betri zikae upande wa mlango, zisimguse miguu, na zilipe kodi ya tumbaku kila wiki. Baba Watoto akanunua waya mrefu zaidi, mnene zaidi, bei juu zaidi, akautandaza uani. Mbuzi wakaupenda. Hadithi ya mbuzi na waya naiacha, maana bado kuna watu katika familia hii hawasalimiani kwa ajili yake.

Sasa jenereta. Ilikuwa ya petroli, ndogo, ya kilowati 2.5 kwa maelezo ya aliyetuuzia, ambaye alikuwa anahama na hakutuangalia usoni. Ilikuwa na tabia za shemeji mlevi: asubuhi mchapakazi, mchana hapatikani, jioni anarudi akidai hakuna lililotokea. Alfajiri Baba Watoto aliivuta kamba mara moja ikawaka. Saa nane mchana, vumbi limeficha jua na friza inalia, ilikohoa ikazima, na hakuna mvuto, dua wala tusi lililoirudisha. Jua likitua, inawaka tena. Baba Watoto aliijengea kibanda cha mabati, kizuri, chenye mlango na kufuli, ili isiumizwe na jua. Ikawa mbaya zaidi.

Fundi wa mtaani alibadilisha plagi akachukua pesa. Mwingine akabadilisha plagi ileile akachukua zaidi. Wifi ndiye aliyesema: "Fundi yuko Kakuma. Mkongo. Anatengeneza zile kubwa."

Swali la kwanza la Baba Watoto lilikuwa kwa nini huyo fundi asije Lodwar, kilomita 120 tu, barabara ina lami. Lakini mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri, na kibali hakitolewi kwa sababu ya jenereta ya mtu. Mgonjwa basi akasafiri kwenda kwa daktari. Tuliifunga jenereta nyuma ya pikapu, kando ya sanduku la samaki waliokuwa wamesalimika, na Nyanya akakaa mbele kwa sababu, alivyosema, anataka kuona mahali ambapo samaki wanaishia.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa vijana waliokuwa wakikimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei jirani yake, ina watu zaidi ya 200,000. Mji mkubwa namna hiyo ulikua bila laini ya umeme ya taifa, na watu wake hawakungoja. Mfanyabiashara alinunua jenereta ya dizeli, akavuta nyaya juu ya mapaa hadi kwa kinyozi, kwa muuza soda na kwa mwenye televisheni, akakusanya malipo. Baadaye yakaja mashamba madogo ya sola. Fundi wetu alijifunza kazi kwenye hizo dizeli, akizilinda usiku ili zisizime mpira ukiwa unaendelea. Kwa mtu wa namna hiyo kijenereta chetu kilikuwa cha kuchezea, na alikipokea kwa upole.

Akavuta kamba. Ikawaka mara moja. Baba Watoto alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeisafirisha.

"Sasa ni saa tatu, Mama," fundi akaniambia akitabasamu. "Tungoje jua."

Tukangoja. Wifi aliuza samaki wake kabla sanduku halijafunguliwa vizuri. Nyanya alikula injera kwa Mhabeshi mmoja akaitangaza kuwa chapati iliyochachuka, akaongeza ya pili. Saa nane fundi akaisukuma jenereta chini ya bati, akaifunika ubavu kwa bati jingine kuiga kile kibanda chetu, akaiwasha. Haikumaliza hata chai.

"Moteri hii haina mubaya," akasema. "Iko tu na joto mingi."

Akatuonyesha kwa kidole, polepole, maana watoto wa mtaa mzima walikuwa wamekusanyika na alipenda darasa. Injini ya jenereta hupimwa nguvu, nayo, ikiwa katika hewa ya nyuzi 25. Hewa ya moto ni nyepesi. Pumzi moja ya injini inabeba oksijeni kidogo. Kwa hilo unapoteza kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za ziada, na mwinuko nao una kato lake, asilimia 3 au 4 kwa kila mita 300. Lodwar iko kama mita 500 juu ya bahari, si kitu mbele ya Kitale. Hayo yote, alisema, ni wizi mdogo. Wizi mkubwa uko kwenye mrija. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoanza kugeuka mvuke katika joto ambalo Lodwar ni la kawaida. Mrija ukipita karibu na injini ya moto, ndani ya kibanda kisicho na upepo, mvuke unajaa njiani, petroli haifiki kwenye kabureta, injini inakufa ikiwa na tangi limejaa. Jioni mrija ukipoa, mvuke unarudi kuwa petroli, na mashine inaamka.

Baba Watoto akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu kibanda chenye mlango na kufuli. "Hiyo ni tanuri, Mzee," fundi akajibu. Watoto wakacheka. Nyanya akacheka kuliko watoto.

Kulikuwa na mengine. Mafuta ya injini yalikuwa mepesi mno kwa joto hili, yameungua yakapungua, na kile kihisio kinachozima injini mafuta yakishuka kilikuwa kikifanya kazi yake kwa uaminifu huku kikilaumiwa. Akaweka mazito zaidi, namba 40. Filta ya hewa aliitoa akaigonga kwenye jiwe, na vumbi lililotoka lilitosha kupandia mtama. Mrija akausogeza mbali na bomba la moshi na kuukinga kwa kipande cha bati. Akasema jenereta ikae chini ya kivuli kisicho na kuta, upepo uipite. Na petroli isiwekwe akiba kwa muda mrefu, kwa sababu katika joto sehemu nyepesi hupeperuka na inayobaki huwa gundi.

Baba Watoto aliyashika yote isipokuwa la mwisho. Alikuwa na mtungi wa lita 20 alioununua bei ilipokuwa nzuri, na huo hakuwa tayari kuumwaga kwa neno la mtu yeyote.

Kwa muda mambo yakanyooka. Paneli zikainuliwa kutoka kwenye mabati, nafasi ya kupitisha mkono, zipate hewa chini yake. Friza ikahamishwa kutoka ukuta wa magharibi, na binti akarudishiwa nusu ya kona. Kilichobaki kutusumbua ni vumbi. Turkana iko kwenye mlango kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na upepo wa kusini mashariki hubanwa hapo ukapita kwa kasi, mkali hasa usiku na alfajiri. Ndio ule ule unaozungusha mitambo ya ng'ambo ya ziwa. Kwetu ulizungusha mchanga. Asubuhi paneli zilikuwa na rangi ya ardhi, na Baba Watoto alitaka kuziosha kwa ndoo mbili za maji. Nyanya akasimama mbele ya ngazi. Mbuzi hawajanywa, paa linaogeshwa? Wakaafikiana kitambaa chenye unyevu, kabla ya jua kuchomoza, kwa maji ambayo yangeishia kwa mbuzi hata hivyo. Kuhusu wakati hawakukosea: kioo kilichopata moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka.

Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 2023.

Miaka ya ukame ilikuwa imepita juu yetu tangu 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo imekatika, mizoga ya mifugo imelala kando ya barabara. El Niño ilipofungua mawingu, hakuna aliyetaka kusikia malalamiko ya mwenye sola. Nyanya alitoka uani akasimama kwenye mvua akimshukuru Akuj, Mungu wa Waturkana, na kanga yake ikamng'ang'ania mwilini, na hakuingia ndani mpaka alipomaliza. Nyuma yake, kwenye akai, betri zilikuwa zinashuka.

Wingu zito halizimi paneli kabisa. Huiachia sehemu ya kumi, pengine ya tano ya nguvu yake. Inatosha kuchaji simu. Haitoshi kugandisha mbuta, na friza wakati huo ilikuwa imejaa hadi kifunikoni, kwa sababu wifi alikuwa na oda ya harusi Kakuma. "Ndiyo kazi ya akiba," Baba Watoto akasema, akaenda nyuma ya jiko na ule mtungi wake wa lita 20.

Niliyoyafikiria tangu siku ile ni haya. Tunanunua jenereta kwa ajili ya siku ambayo jua halipo. Siku ambayo jua halipo kwetu si siku ya kawaida iliyoondolewa jua tu. Ni siku ya mvua, ya laga (mito ya msimu) zilizojaa, ya barabara zilizokatika, ya unyevu ndani ya kila kitu. Wingu linalolaza sola linampiga na mlinzi wake kofi kwa mkono wa pili. Na ule msimu wa jua kali, ambao jenereta haihitajiki, ndio uliokuwa ukiiharibu polepole tukiwa tunadhani imepumzika.

Petroli ya mtungini ilikuwa imekuwa kama fundi alivyosema. Ilinuka rangi ya kupaka ukuta. Kabureta ikaziba, na mkono wa Baba Watoto ukavimba kwa kuvuta kamba. Petroli mpya ilikuwa ng'ambo ya laga ya Kawalase, na Kawalase ilikuwa imeshuka na miti mizima. Akakaa ukingoni na mtungi mtupu, pamoja na watu wengine wengi wenye mitungi mitupu, wakitazama maji yakipita. Alirudi usiku, amelowa, na lita chache zilizovushwa na vijana wenye moyo kwa bei ambayo hakuniambia.

Tukaisafisha kabureta kwa tochi ya simu. Ikawaka! Na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na jenereta ikilowa inaweza kumpiga mtu shoti, Baba Watoto akaibeba ikinguruma akaileta kwenye korido, mlango wa chumba cha watoto.

Hapo hatukujadiliana. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu wamelala nayo katika vyumba vilivyofungwa wasiamke. Niliizima kwa swichi, Nyanya akashika mpini mmoja, mimi mwingine, tukaitoa. Baba Watoto alisimama mlangoni akisema mashine inalowa, mashine inalowa. Nyanya akamjibu kwa Kiturkana neno ambalo watoto walikatazwa kulirudia. Usiku ule ule tulisimamisha nguzo nne hatua nyingi kutoka nyumbani, tukaweka bati juu, mawe chini ili maji yapite, bomba la moshi likielekea upepo unakokwenda. Ndicho kile kivuli kisicho na kuta alichokisema fundi, na kilijengwa gizani na watu wenye hasira, kikasimama hadi leo.

Jenereta ikawaka, na inveta ikaikataa. Ilifungua njia, ikafunga, ikafungua, tak, tak, tak. Tukampigia fundi Kakuma. Simu haikuwa na mtandao: mnara wetu nao husimama kwa sola, betri na dizeli, na bila shaka nao ulikuwa unangoja mtu wake avuke laga. Binti akachukua kile kitabu cha inveta ambacho kilikuwa kinazuia mguu wa meza usicheze. Kumbe mashine ilikuwa kwenye mpangilio wa UPS, wenye kuchagua sana volti, wa kulinda kompyuta. Akaipeleka kwenye APL, unaovumilia jenereta inayoyumba. Ikakubali kwa muda, kisha injini ikainama ikaelekea kuzima. Akasoma tena. Chaja ya inveta ilikuwa imewekwa kuvuta ampia 60, na kwa betri zetu za volti 24 hiyo ni kama wati 1,700, halafu friza nayo inaamka inataka yake. Akaishusha hadi 20. Sauti ya injini ikatulia, ikawa laini, na baba yake akasema hata yeye alikuwa karibu kusema hivyo.

Petroli ile iliisha kabla mvua haijaisha.

Asubuhi kifuniko cha friza kilipofunguliwa, mbuta wa juu walikuwa wanabonyea. Wifi alikaa chini akashika kichwa. Nyanya hakukaa. Alitaka visu, alitaka chumvi yote ya nyumba, alitaka kuni za mathenge zilizo kavu kule darini, na alitaka betri zitoke kwenye akai yake sasa hivi. Kukausha kwa jua hakukuwezekana, jua lenyewe ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Samaki wakapasuliwa mgongo, wakapakwa chumvi, wakapangwa juu ya chanja ya matawi, na moto wa moshi ukawashwa chini yao usiku na mchana, huku tukilala kwa zamu na kuamka tukinuka sote. Betri zilikaa kwenye korido chini ya beseni la kukinga matone, bila kodi.

Barabara ilipofunguka wifi alipanda gari la kwanza. Wenye harusi walikuwa wamengoja samaki wa barafu, wakakunja uso. Kina mama wa Kikongo waliokuwa wamesimama kando wakanusa, wakasogea. Samaki wa moshi ndio waliokuwa wakiwatafuta tangu wafike Kenya, na walinunua hadi vichwa, kwa bei iliyomfanya wifi anipigie simu akiwa ananong'ona asisikiwe.

Jumapili yake kulikuwa na kikao cha familia. Baba Watoto alieleza kwamba jenereta ndiyo iliyookoa samaki hadi asubuhi. Nyanya alidai kodi ya akai kwa kazi mbili, ya betri na ya moshi. Binti alidai kona nzima. Baba Watoto alipoona hakuna anayempinga akatoa pendekezo lake: tuuze hii ya petroli, tununue ya dizeli, kubwa, maana dizeli haina mvuke wa mrija. Fundi, aliyekuwa kwenye simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, akamwambia dizeli kubwa ikipewa kazi ndogo ya friza moja haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa ndani, na bomba linatoa moshi mweusi mpaka majirani wanakuja.

Wifi aliinua macho kutoka kwenye noti alizokuwa akizihesabu. Akauliza kama moshi huo unafaa kwa samaki.